Saini Itafuata

Kwa niaba ya Kamati ya Uratibu, Usimamizi na Uhakiki wa Maandalizi ya Ndoa Takatifu, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, nina furaha kuwatangazia waamini wote wa parokia yetu kwamba zoezi la kurahisisha ndoa limekamilika kwa mafanikio makubwa. Zamani mtu aliyetaka kuoa alipitia hatua nne. Kuanzia sasa atapitia hatua ishirini na saba.

Tangazo hilo nililisoma mwenyewe baada ya Misa ya pili, kabla ya baraka ya mwisho, ili asiwepo mtu aliyewahi kutoroka. Kanisa zima lilinyamaza. Nikajua wameguswa.

Huenda msomaji hajui hali ilivyokuwa kabla yangu. Kijana na mchumba wake walikuwa wanamwendea tu Paroko na vyeti vyao vya ubatizo. Wanahudhuria mafundisho. Majina yao yanatangazwa kanisani Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Kisha wanafunga ndoa. Basi! Hakuna faili, hakuna namba ya kumbukumbu, hakuna hata mtu wa kuwauliza kwa nini wanapendana. Yaani jambo la maisha lilikuwa jepesi kuliko kuomba kuunganishiwa maji.

Mimi nimefanya kazi katika masijala ya serikali miaka thelathini na mmoja. Katika mafaili yaliyopita mikononi mwangu halikupotea hata moja, yalichelewa tu. Nilipostaafu nilipumzika siku nne. Siku ya tano mke wangu alikuta nimeyabandika namba makopo yote ya jikoni, na nimeweka daftari ili asaini kila anapochota chumvi. Alijitanda kanga, akaenda kwa Paroko, akamwomba anitafutie kazi yoyote, hata ya kujitolea, mradi iwe nje ya nyumba. Paroko wetu ana vigango tisa vya mbali vya kuhudumia na pikipiki moja, na wakati huo alikuwa anatafuta ufunguo wa hiyo pikipiki. Alisema, "Mwambie asaidiesaidie mambo ya ndoa." Kwa maneno hayo nilikabidhiwa mamlaka kamili.

Kamati ina watu watatu. Mwenyekiti ni mimi. Mtunza vitabu ni mzee katekista, ambaye alikuwepo parokiani kabla kengele haijanunuliwa. Mpiga chapa ni mke wangu, kwa sababu ndiye anayejua kompyuta. Ofisi yetu ni chumba nyuma ya sakristia kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Nimeweka humo meza, mihuri mitatu, benchi la kusubiri, na benchi la pili la kusubiri nafasi kwenye benchi la kwanza.

Wateja wetu wa kwanza walikuja Jumanne. Mwanamume ni fundi wa kuchomelea mageti, mtaani wanamwita Cheche. Mchumba wake ni fundi cherehani, msichana wa sauti ndogo, aliyelelewa na bibi yake tangu mama yake alipofariki. Bibi naye alikuja, akipapasa ukuta.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Cheche.

"Milele amina. Namba yenu?"

"Namba ya nini, Mwenyekiti? Mbona tuko peke yetu?"

"Namba zinatolewa na katekista."

Katekista alikuwa ameketi kando yangu, goti kwa goti. Akawapa namba kumi na saba. Nikaita namba moja. Hakuna aliyeitika. Nikaita namba mbili, nikasubiri muda wa kutosha, nikaita namba tatu. Nilipofika kumi na saba wakasimama. Utaratibu ulikwenda vizuri sana.

"Tunaomba Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao," alisema Cheche. "Ni wiki sita na siku kidogo kutoka leo."

"Haraka ya nini?"

Fundi cherehani akainamisha kichwa. "Ni bibi. Macho yake."

"Niache niseme mwenyewe," alidakia bibi. "La kulia limeshazimika. Hili la kushoto daktari amesema ni presha ya macho, na likienda halirudi. Amenipa miezi miwili, akinihurumia. Baba, huyu mtoto nimemlea tangu hajaota meno. Nataka nimwone akipita mle kanisani na gauni lake. Nikishamwona, lizimike tu, sina neno."

Nilimsikiliza kwa makini. Kisha nikaandika kwenye faili: *Sababu ya haraka: jicho la mtu wa tatu (kushoto)*. Nikawapa fomu ya kwanza.

Fomu ya kwanza ni ya Kufahamiana. Inahitaji mashahidi wawili, wenye zaidi ya miaka arobaini, walioshuhudia waombaji wakifahamiana.

"Tulifahamiana dukani kwake," alisema Cheche. "Nilipeleka suruali aibadilishe zipu."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi, yeye na suruali."

"Suruali ina zaidi ya miaka arobaini?" aliuliza katekista, ambaye huwa anapenda kusaidia.

"Ukiiona utadhani inayo," alisema bibi.

Fomu ya pili ni Dodoso la Upendo. Swali: *Je, unampenda mwombaji mwenza? (a) Ndiyo. (b) Kiasi. (c) Ambatanisha maelezo.* Cheche alichagua (a). Nikamrudishia, maana anayechagua (a) lazima alete barua ya jumuiya inayothibitisha kwamba alionekana akipenda. Hatua ya nane ni Mtihani wa Kutamka. Waombaji wanasimama altareni, mimi nasimama mlango mkuu, kisha wanasema "Ndiyo." Nisiposikia, wamefeli. Fundi cherehani alifeli mara mbili. Mara ya tatu alipiga ukelele mpaka mpiga kinanda, aliyekuwa anafanya mazoezi juu, akaanza wimbo wa kuingilia. Nikampa alama sitini.

"Mwenyekiti," aliniambia Cheche siku moja, mikono imejaa makovu ya moto, ameshika fomu ya kumi na mbili. "Wiki ya tatu hii. Na bado hatujatangazwa hata Jumapili moja."

"Matangazo ni hatua ya ishirini na mbili, kijana. Mbona una pupa?"

Siku hiyo bibi aliingia ofisini akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Mwenyekiti." Alikuwa analisalimia koti langu, lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Koti halikujibu. Nikajibu kwa niaba yake, na mjukuu wake akageuka ukutani akajifuta uso na utepe wa kupimia.

Alhamisi ya wiki iliyofuata tukafika hatua ya kumi na tisa, wasimamizi. Hapa lazima nilipongeze Kanisa, maana lina kanuni ya kimasijala hasa. Mtu akifunga ndoa popote pale, habari inarudishwa parokia aliyobatizwa, na inaandikwa kwenye kitabu, pembeni ya jina lake. Kwa hiyo ukiomba nakala mpya ya cheti cha ubatizo, kinasema kila kitu. Kanisa linawadai waoaji cheti hicho. Mimi, kwa Waraka wangu wa Kumi na Moja, niliwadai na wasimamizi, ili tusije tukasimamiwa na watu wasio na ndoa iliyoandikwa.

Fundi cherehani alikuwa amemchagua mke wangu awe msimamizi wake. Wamejuana miaka kumi, yeye ndiye humshonea. Sikuona ubaya. Faili lake liliingia pamoja na mengine, nami sina upendeleo. Cheti chake katekista alikuwa amekitoa asubuhi hiyohiyo, maana alibatizwa hapahapa.

Nilisoma kwa sauti, kama ninavyosoma mafaili yote. "Ubatizo, upo. Kipaimara, kipo. Ndoa..." Palipotakiwa kuandikwa ndoa palikuwa peupe. Nikahakikisha upande wa nyuma. Peupe pia. "Mwombaji hajaolewa," nilisoma. "Hana sifa." Nikagonga mhuri: IMEKATALIWA.

Nikanyosha mkono kuchukua faili linalofuata.

"Hebu rudia," ilisema sauti mbele ya meza.

"Mwombaji hajaolewa."

Bibi akageuza sikio. "Kumbe! Sasa yule mzee anayekoroma nyumbani kwako ni nani?"

Ndipo nikanyanyua uso na kuona kwamba mwombaji ameshika kikapu chetu cha sokoni.

"Kuna makosa ya kiuandishi," nilisema. "Katekista, lete kitabu cha ndoa."

Mzee alikwenda taratibu, akarudi na kitabu kikubwa chenye vumbi, akakifungua bila hata kutafuta ukurasa. Mwaka ulikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Saini ya mke wangu ilikuwepo, ya padri wa wakati ule, na za mashahidi wawili. Mahali pa saini ya mume hapakuwa na saini. Palikuwa na maneno ya penseli: *Bwana harusi amekataa kusaini mpaka jedwali lichorwe upya. Saini itafuata.*

Nikakumbuka. Mstari wa tatu ulikuwa umepinda. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mgeni masijala, na nilikuwa na rula mfukoni mwa suti ya harusi. Nilimwambia padri kwamba mtu wa taaluma yangu hawezi kuweka saini kwenye jedwali la namna ile.

"Tulikungoja mpaka chakula kikapoa," alisema katekista. "Na kwa kuwa haikukamilika, sikuinakili kwenye ubatizo."

"Miaka thelathini na miwili! Mbona hukunikumbusha?"

"Ulisema tusikusumbue mpaka linunuliwe daftari jipya. Halijanunuliwa."

Mke wangu aliweka kikapu chini. "Miaka thelathini na miwili," alisema. "Watoto wanne. Nimekufulia, nimekuuguza, nimekupigia chapa. Sijaolewa?"

"Kiutaratibu..."

"Ehe, kiutaratibu nini?"

"Kiutaratibu, kisichoandikwa hakijatokea. Ni Waraka wa Kwanza."

"Naujua. Niliupiga chapa mimi." Na hapo nilianza kuelewa hatari ya kumpa mtu mwenye kumbukumbu nzuri kazi ya kuchapa. "Waraka wa Tatu," aliendelea, akiutazama ukuta kama mtu anayesali. "Mjumbe asiye na ndoa iliyoandikwa si mjumbe, na maamuzi yake yote ni batili tangu siku ya kwanza. Hujaoa, mzee. Wewe si mwenyekiti."

Nimebishana na wanasheria wa wizara, siogopi hoja. "Kama maamuzi yangu yote ni batili," nilisema, "basi Waraka wa Tatu nao ni batili, na mimi bado ni mwenyekiti."

"Ukiwa mwenyekiti, Waraka wa Tatu ni halali. Kwa hiyo si mwenyekiti."

"Kama si mwenyekiti, hauna nguvu!"

"Ndiyo uwe mwenyekiti, ili usiwe."

Tulikwenda hivyo raundi tatu. Katika ya nne Paroko aliingia na helmeti kichwani, vumbi la kigango limemfika kwenye nyusi. Akaelezwa na watu wanne kwa wakati mmoja.

"Ndoa yenu ni halali," alituambia. "Mlitamka wenyewe mbele ya padri na mashahidi. Saini ni kumbukumbu tu."

Nilishusha pumzi. Lakini mke wangu alikuwa bado amesimama vilevile.

"Kwa Kanisa sawa, Padri. Ila kwa nyaraka zake mimi bado ni mchumba, na Waraka wa Tisa unasema wachumba wasikae nyumba moja."

"Nyaraka gani?"

"Hizo zilizobandikwa mlangoni."

Paroko alizitazama. "Nilidhani ni ratiba ya kwaya," alisema. Akavua glavu moja, akavua nyingine. "Haya, nyinyi endeleeni kutafakari nani ni nani. Mimi nitafanya kama zamani." Akamgeukia Cheche. "Vyeti vya ubatizo mnavyo?"

"Tunavyo."

"Mafundisho?"

"Tulimaliza kabla ya Kwaresima."

"Jumapili hii naanza kuwatangaza."

Fundi cherehani aliketi ghafla, kwenye benchi ambalo si lake. Bibi alihesabu kwenye vidole: Jumapili hii, ijayo, ya tatu, kisha Jumamosi. "Litafika," alisema, akaligusa jicho lake la kushoto kwa kidole kimoja. "We jicho, vumilia."

Alasiri hiyohiyo mke wangu alihamia kwa dada yake, mitaa mitatu kutoka kwetu, na begi moja. "Sitaki kukukosesha cheo," alisema mlangoni. Nilidhani ni mzaha wa siku mbili.

Haukuwa wa siku mbili. Nilikaanga yai likashikana na kikaango mpaka leo. Nilichota chumvi, nikajisainia mwenyewe, nikajiidhinisha mwenyewe. Nilimwandikia barua rasmi, *Yah: Kurejea Kituo cha Kazi*, ikarudi imeandikwa kwa mwandiko wake: *Haina viambatanisho*. Watoto walipiga simu mmoja baada ya mwingine, na wote walinicheka. Nitasema wazi, maana taarifa inayoficha ukweli si taarifa: niliogopa. Ile nyumba nilijua kila kitu kilipo ndani yake, na sikuweza kukaa humo saa moja.

Nikawa natoka. Nikawa napita mtaa wa dada yake mara tano kwa siku nikijifanya nakwenda dukani. Nilinunua viberiti vingi sana.

Jumamosi ile ilifika. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, kwa kuwa sikuwa na cheo cha kukaa mbele. Paroko alikuwa amemruhusu mke wangu asimamie. Alivaa gauni la kijani, alilolishona fundi cherehani mwenyewe, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Bibi harusi aliingia taratibu. Alipofika benchi la kwanza, kinyume cha mpangilio wote, akasimama. Akainama. Bibi yake alimshika uso kwa mikono miwili, akauvuta mpaka karibu na jicho la kushoto, karibu kabisa, akauzungusha upande huu na upande ule. Akashika kola ya gauni, akafuata mshono kwa kidole mpaka begani. Mpiga kinanda alirudia ubeti ule ule mara tatu. Kama mwenyekiti ningesema walizidisha muda. Sikutazama saa.

"Nimekuona," alisema bibi, kwa sauti iliyofika mpaka nilipokaa. "Nimekuona wote. Nenda sasa, mume anakungoja."

Watu walilia, na mimi nililia, sitaki kuficha. Wiki tatu nzima nilikuwa nimelikalia jicho lile na mihuri yangu. Bibi harusi alipoulizwa na Paroko alijibu kwa sauti yake ndogo. Mlangoni hatukusikia chochote. Cheche alisikia, na uso wake ulionyesha.

Baada ya Misa waliweka meza ya kusaini kando ya altare. Walisaini maharusi, wakasaini wasimamizi. Kisha katekista akatoa chini ya kwapa kitabu cha pili, kile cha zamani, akakifungua pembeni.

"Mzee," aliniita Paroko, mbele ya kanisa zima, "njoo umalizie na hii."

Nilitembea kutoka nyuma. Sijawahi kuona kanisa refu namna ile. Nilishika kalamu. Mstari wa tatu ulikuwa bado umepinda, kweli umepinda, na sikusema kitu. Niliinama nisaini. Mkono wa mke wangu ukaufunika ukurasa.

"Hujaniuliza," alisema.

"Nini?"

"Mara ile waliongea wajomba. Padri alipouliza ulijibu, nami nikajibu. Lakini wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, hujawahi kuniuliza kama nataka kuishi na wewe. Niulize leo. Bila karatasi."

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta karatasi. Nikautoa. Nikatafuta namna ya kuanza, na kila mwanzo uliokuja ulikuwa na "kwa heshima na taadhima" ndani yake.

"Mama watoto," nilisema mwishowe. "Nimekosea. Ningesaini tu siku ile. Nyumba imenishinda, na si kwa sababu ya kupika. Ninakukosa. Utakubali kuishi na mimi?"

Macho yake yalijaa machozi, nikaona mkono wake unalegea juu ya ukurasa, nikajua yameisha.

"Nimekusikia," alisema. "Njoo kesho."

Kanisa zima liliangua kicheko. Paroko alishika meza asianguke. Katekista alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi ya altare. Na hawakucheka bure, maana nusu ya watu wale waliwahi kusimama mbele ya dirisha langu la masijala, na nusu hiyo yote niliwahi kuwaambia maneno hayohayo. Bibi aliuliza, "Amemwambiaje?" Mjukuu wake akamnong'oneza, na bibi akapiga makofi.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa dada yake, nimechana nywele. Shemeji alifungua nusu.

"Yupo?" niliuliza.

"Yupo, anakunywa chai. Subiri hapo."

Akafunga. Nilitafuta mahali nikaketi ukingoni mwa baraza, kofia magotini. Mtu akifungiwa mlango hivyo, nijuavyo mimi, hudai kumwona mkubwa wa ofisi. Sikudai. Mkubwa ndiye aliyekuwa anakunywa chai.